Homa baada ya mafuriko: Mwambie daktari mtoto alipita kwenye maji

Mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam, wakazi wa Jangwani, Kigogo, Mchikichini na maeneo mengine ya bonde la Mto Msimbazi wanajua la kufanya. Godoro linapandishwa juu ya kabati, vyeti na kadi za kliniki vinafungwa kwenye mfuko wa plastiki, watoto wanapelekwa kwa ndugu anayeishi mlimani. Maji yakipungua, kazi inageuka kuwa ya kutoa tope, kuanika nguo na kuokoa madaftari ya shule.

Wiki moja au mbili baadaye, nyumba ikiwa imeshakauka, mtoto anaamka na homa. Kichwa kinamuuma, mwili unamuuma, amekataa chai. Mama anaenda duka la dawa, ananunua dawa ya kutuliza homa na dawa mseto ya malaria. Siku mbili zinapita, tatu, homa haishuki. Kufikia hapo hakuna anayekumbuka kwamba mtoto huyo alivuka maji ya mafuriko akiwa pekupeku, na mguuni alikuwa na kidonda.

Makala haya yanahusu kumbukumbu hiyo. Baadhi ya maambukizi hatari ya bakteria yanayotokana na maji ya mafuriko huanza taratibu, yanafanana na malaria, na hayana kipimo katika zahanati nyingi. Mara nyingi kitu cha kwanza kinachoweza kumfanya daktari ayafikirie ni sentensi moja kutoka kwa mzazi: mtoto huyu alipita kwenye maji.

Hili ni jambo la familia nyingi. Aprili 25, 2024, Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, aliliambia Bunge kuwa mvua za El Nino zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 na majeruhi 236, huku zaidi ya watu 200,000 kutoka kaya zaidi ya 51,000 wakiathirika. Rufiji na Kibiti zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizokaa na maji kwa muda mrefu. Wengi wetu tunakumbuka pia mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuzihamishia familia nyingi Mabwepande.

Ndani ya maji yale kuna nini?

Kwa macho, maji ya mafuriko ni maji yenye tope. Kiafya, ni mchanganyiko wa kila kitu kilichokuwa chini kabla mvua haijanyesha.

Kuna vyoo. Mashimo ya vyoo yakijaa, kinyesi hutoka chenyewe na kuelea. Na sote tunajua kuna wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo, yaani wafungulie uchafu uende na maji, kukwepa gharama ya gari la kunyonya. Uchafu huo hauendi mbali. Unapita kwa jirani wa chini, unaingia kisimani kwake, unaingia sebuleni.

Kuna wanyama. Panya wanafukuzwa mashimoni mwao na wanatafuta pa kukaa, mara nyingi ndani ya nyumba za watu. Mbwa, ng'ombe, mbuzi na nguruwe nao wanakojoa na mkojo wao unachanganyika na maji hayo hayo.

Kuna vitu vinavyokata, kama mabati, misumari, chupa na nyaya, ambavyo havionekani kwa sababu maji ni meusi. Mguu unaotembea humo ukikatwa, mlango wa bakteria umefunguliwa hapo hapo.

Watoto ndio wako karibu zaidi na maji haya. Kwao dimbwi ni mahali pa kuogelea, kuvua samaki kwa chandarua na kuokota madumu yanayoelea. Wakubwa nao hawana nafuu. Wapo vijana wanaovusha watu kwa mgongo au kwa mkokoteni ili wapate fedha kidogo, madereva wa bodaboda wanaosukuma pikipiki ndani ya maji, na akina mama wanaokoga tope kwa mikono wakati wa kusafisha nyumba.

Homa ya mgunda

Ugonjwa unaofaa kufahamika zaidi hapa ni homa ya mgunda, ambayo kitaalamu huitwa leptospirosisi. Watanzania wengi walilisikia jina hili Julai 2022, baada ya watu wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, kuugua homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 vilionyesha hawana magonjwa hayo. Baadaye Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda. Wakati wa tangazo hilo, waliougua walikuwa 20 na watatu kati yao walikuwa wamefariki dunia.

Mlipuko ule haukutangazwa kuwa wa mafuriko. Lakini ulituonyesha jambo moja, kwamba bakteria hawa wapo hapa nchini. Watafiti wamewapata kwa panya na mifugo, na kuna aina moja iliyopewa jina la Sokoine baada ya kupatikana kwa ng'ombe mkoani Morogoro, kilipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Katika lugha kadhaa za bara neno mgunda lina maana ya shamba, na kweli ugonjwa huu umezoeleka kwa wakulima, wafugaji na wafanyakazi wa machinjio. Mafuriko yanaufuata mtu aliye mjini, asiye na shamba wala ng'ombe.

Bakteria hawa huishi kwenye figo za mnyama na kutoka kwa njia ya mkojo. Mnyama mwenyewe anaweza asionyeshe dalili yoyote. Wakiwa kwenye maji au udongo wenye unyevu, wanaweza kuishi kwa wiki kadhaa na hata miezi. Humwingia mtu kupitia mchubuko, ngozi iliyolainika kwa kukaa majini muda mrefu, macho, pua au mdomo. Kuambukizana mtu kwa mtu hutokea kwa nadra sana, kwa hiyo mgonjwa hana sababu ya kutengwa.

Dalili za mwanzo ni homa ya ghafla, kutetemeka, maumivu makali ya kichwa na maumivu ya misuli, hasa ya mgongo na nyama za nyuma ya mguu chini ya goti. Macho yanaweza kuwa mekundu bila kutoa tongotongo. Wengine hutapika, huharisha au hupata vipele.

Wengi hupona. Tatizo ni wale ambao ugonjwa unasonga mbele. Kuna wanaoonekana kupata nafuu kwa siku chache, kisha hali inabadilika. Macho yanakuwa ya manjano, mkojo unapungua kwa sababu figo zinashindwa kazi, damu inavuja, wengine kwenye mapafu. Makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yanaonyesha kuwa duniani watu zaidi ya milioni 1 huugua ugonjwa huu kila mwaka, na karibu 59,000 hufa.

Uhusiano wake na mafuriko umeonekana mara nyingi. Mwaka 2009 kimbunga Ketsana kilipozamisha jiji la Manila, Ufilipino, hospitali moja tu ya San Lazaro ililaza wagonjwa zaidi ya 400 wa ugonjwa huu katika wiki zilizofuata, na takriban mmoja kati ya kila 10 alifariki. Mwaka 1995 huko Nikaragua, baada ya mvua kubwa, watu walianza kuugua homa na wengine kuvuja damu mapafuni. Ilidhaniwa ni dengi. Vipimo vya dengi havikuonyesha kitu, na uchunguzi uliofuata ukabaini ni bakteria hawa hawa.

Kwa nini tunaukosa?

Kwa sababu tuna jibu tayari hata kabla ya swali. Mtoto akipata homa tunasema malaria. Akiendelea, tunasema malaria sugu. Akizidi, taifodi.

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, kwa wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa sababu ya homa. Kati yao, 528 walikuwa wameandikiwa kuwa wana malaria. Walipopimwa kwa uhakika, waliokuwa na malaria kweli ni 14.

Wengine walikuwa na nini? Miongoni mwa majibu yaliyopatikana ni magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, ikiwamo homa ya mgunda, iliyoonekana kwa karibu watu tisa katika kila 100 waliopimwa ugonjwa huo.

Moshi si Rufiji, na malaria ya Kilimanjaro ni chache kuliko ya Pwani au Lindi. Pia tangu miaka ile kipimo cha haraka cha malaria kimeenea sana na kimepunguza kubahatisha. Kwa hiyo mzazi wa ukanda wa pwani asitoke hapa akidhani malaria imeisha. Baada ya mafuriko madimbwi huzaa mbu, na malaria huongezeka. Mtoto mwenye homa lazima apimwe malaria kwanza.

Jambo la kuangalia ni kinachofuata baada ya kipimo. Kikionyesha hana malaria, bado kuna kitu kinachosababisha homa na kinapaswa kutafutwa. Kikionyesha ana malaria lakini siku mbili au tatu za dawa zimepita bila nafuu, rudi kituoni. Mtoto anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja. Vilevile, baadhi ya vipimo vya haraka huendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona, hivyo mtoto aliyetibiwa malaria mwezi uliopita anaweza kuonekana anayo leo wakati homa yake ya leo ina chanzo kingine.

Homa ya mgunda haina kipimo cha haraka katika zahanati nyingi. Sampuli hupelekwa maabara kubwa, na majibu huchukua muda. Ndiyo maana mwongozo wa kitaalamu ni daktari kuanza dawa anaposhuku ugonjwa huu, bila kusubiri majibu. Ili ashuku, lazima ajue mgonjwa aligusa nini. Habari njema ni kwamba dawa zinazotumika, kama doksisaiklini, penisilini na seftriaksoni, ni za kawaida na zinajulikana. Daktari huchagua kulingana na umri, ujauzito na ukali wa ugonjwa, na zinasaidia zaidi zikianza mapema.

Hesabu siku tangu mtoto alipoingia majini

Magonjwa ya mafuriko hayaji siku moja. Kila moja lina muda wake kati ya kuambukizwa na kuugua. Ukiijua hesabu hii, unajua cha kuangalia na lini.

Saa 12 hadi siku 5: Kipindupindu. Mtoto au mtu mzima anaharisha maji mengi yanayofanana na maji ya kuoshea mchele, mara nyingine akitapika. Anaweza kuishiwa maji mwilini na kufa ndani ya saa chache. Anza kumpa maji ya chumvichumvi ya dawa (ORS) hapo hapo, mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, na muondoke kwenda kituoni.

Siku 1 hadi 3, wakati mwingine zaidi: Vidonda vilivyoingia maji machafu huanza kuvimba na kutoa usaha.

Siku 2 hadi 30, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 14: Homa ya mgunda.

Siku 3 hadi 21: Pepopunda, kwa mtu aliyepata kidonda na hana kinga ya chanjo.

Wiki 1 hadi 3: Homa ya matumbo, yaani taifodi, inayotokana na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Homa hupanda taratibu siku hadi siku, pamoja na maumivu ya tumbo na uchovu.

Kwa maneno mengine, mwezi mzima baada ya maji kuondoka, homa yoyote ndani ya nyumba ihusishwe na mafuriko mpaka mtaalamu atakapoona vinginevyo. Andika tarehe ambayo mtoto aliingia majini nyuma ya kadi yake ya kliniki au kwenye simu yako. Usitegemee kichwa, maana wiki za mafuriko huchanganya siku zote.

Kidonda kidogo si kidogo

Kimbunga Katrina kilipopiga kusini mwa Marekani Agosti 2005, wataalamu waliandika wagonjwa 22 wa maambukizi ya bakteria wa jamii ya vibrio, ambao hupenda maji ya vuguvugu yenye chumvi. Wengi wao waliambukizwa kupitia vidonda, na watano walikufa. Wanaodhurika zaidi na bakteria hao ni watu wenye ugonjwa wa ini, kisukari au kinga dhaifu. Nyumba nyingi zetu zina bibi au babu mwenye kisukari, na yeye ndiye mara nyingi huinama kuokota vyombo kwenye tope.

Miezi michache kabla ya hapo, baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, mkoa wa Aceh nchini Indonesia ulipata wagonjwa 106 wa pepopunda, na 20 kati yao walifariki. Hao walikuwa wameshanusurika maji.

Mtoto akikatwa au kuchubuka ndani ya maji ya mafuriko, fanya hivi:

Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, mpaka mchanga na tope vitoke vyote. Kausha, kisha funika kwa kitambaa safi au bandeji. Badilisha kila siku na kila kinapolowa.

Usiweke majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno, samadi wala unga wa dawa uliotolewa kwenye kapsuli. Unga huo hauingii ndani kunakohitajika, na unaziba uchafu ubaki humo.

Kama kidonda ni kirefu, kimetobolewa na msumari, kimeingia uchafu usiotoka au kimetokana na kuumwa na mnyama, kipelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Watoto huchanjwa pepopunda ndani ya chanjo ya Penta wakiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo nenda na kadi. Wajawazito hupewa yao kliniki. Baba wa nyumba na vijana wa kiume wengi hawajawahi kuchanjwa tangu utotoni, na wao ndio wanaobeba mabati na mawe wakati wa kusafisha.

Rudi kituoni haraka ukiona wekundu unasambaa kutoka kwenye kidonda, uvimbe unaongezeka, malengelenge au ngozi kuwa nyeusi, harufu mbaya, homa, au maumivu makali kuliko ukubwa wa kidonda chenyewe. Hiyo dalili ya mwisho hudharauliwa sana. Mtoto analia kwa mchubuko unaoonekana mdogo, anaambiwa anadeka. Bakteria wanaokula nyama ya ndani huanza hivyo. Taya likikaza, shingo ikawa ngumu au mwili ukakakamaa, usisubiri asubuhi.

Ukifika zahanati, sema haya

Foleni ni ndefu, mtoto analia, na mhudumu ana dakika chache za kukusikiliza. Wengi wetu hujibu tulichoulizwa tu na kuondoka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa wala hatufichi kwa makusudi. Tunaona tu kwamba habari za maji hazihusiani na homa, au tunaona aibu kusema nyumba yetu iliingia maji ya choo.

Jiandae kusema mambo matano hata kama hujaulizwa:

Kwanza, mtoto aliingia kwenye maji ya mafuriko au tope, na tarehe yake.

Pili, alikuwa na kidonda, au alimeza maji, au maji yalimwingia machoni.

Tatu, nyumbani kuna panya, mbwa au mifugo.

Nne, homa ilianza lini, na ni dawa gani ameshapewa. Taja zote, pamoja na za dukani na za miti shamba. Kama una pakiti, nenda nazo.

Tano, kuna mwingine nyumbani au mtaani anayeumwa vivyo hivyo.

Hili la tano lina faida kwa wengine pia. Mhudumu akisikia nyumba tatu za mtaa mmoja zina homa ileile, anaweza kutoa taarifa wilayani mapema. Ruangwa ilijulikana kwa sababu wagonjwa wenye dalili zinazofanana walionekana mahali pamoja.

Usisubiri foleni kama mtoto ana dalili yoyote kati ya hizi: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, analala mno au haamki vizuri, anapumua kwa shida, macho yamekuwa ya manjano, hajakojoa kwa zaidi ya nusu siku, anatokwa damu puani au anakohoa damu. Mwambie mhudumu wa mapokezi wazi kwamba hali ni ya dharura.

Kabla hamjarudi ndani ya nyumba

Bakteria wa homa ya mgunda wana udhaifu mkubwa. Wakikauka wanakufa. Jua na klorini pia huwaua. Kwa hiyo kazi ya kusafisha nyumba ni sehemu ya tiba.

Watoto wasishiriki kutoa tope. Anayefanya kazi hiyo avae mabuti ya mvua. Asiyekuwa nayo avae viatu vya kufunika, maana kandambili hazizuii msumari wala maji. Mikononi vaa glovu, na kama hakuna, funga mifuko ya plastiki. Mwenye kidonda akifunike kwa kitu kisichopitisha maji, au amwachie mwingine kazi hiyo.

Toa tope lote kwanza, sugua sakafu na kuta kwa sabuni, ndipo upitishe dawa yenye klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kumwaga dawa juu ya tope ni kupoteza fedha. Usiichanganye na dawa nyingine ya usafi, moshi wake hudhuru mapafu. Fungua madirisha, toa magodoro, mikeka na viatu juani siku kadhaa.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kabisa, au yatiwe dawa ya kutibu maji. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisitumike kwa kunywa mpaka bwana afya au fundi maji akitibu. Unga, mchele na mboga zilizolowa maji ya mafuriko zitupwe. Inauma, hasa kwa familia iliyopoteza kila kitu, lakini kupika hakuondoi kemikali na uchafu wote uliokwishaingia.

Funika vyakula vilivyobaki na ziba matundu, kwa sababu panya waliohama bado wanatafuta makazi. Futa chupa na makopo kabla ya kunywea, panya hupita juu yake. Na madimbwi yaliyobaki uani, hata yakionekana masafi baada ya tope kutuama, yafukiwe. Maji kuwa meupe si ushahidi kwamba bakteria wameondoka.

Wazazi huuliza

*Mwanangu ameshaingia majini lakini yuko mzima. Nimpe dawa ya kuzuia?* Usinunue dawa kwa kubahatisha. Baadhi ya nchi huwapa doksisaiklini watu walio hatarini, kama ilivyofanyika jimbo la Kerala, India, baada ya mafuriko ya 2018. Huo ni uamuzi wa mamlaka za afya, na dawa hiyo haimfai kila mtu. Mwogeshe mtoto kwa maji safi na sabuni, kagua miguu yake, andika tarehe, kisha mwangalie kwa mwezi mmoja.

*Miguu inamuwasha na ngozi inabanduka katikati ya vidole. Ni hatari?* Mara nyingi ni fangasi au ngozi iliyolainika kwa maji. Yenyewe si hatari kubwa, ila nyufa zile ni njia ya bakteria. Kausha miguu vizuri, na asirudi majini mpaka apone.

*Tuna ndugu tuliowakimbilia, tutawaambukiza?* Homa ya mgunda na pepopunda haviambukizwi kwa kulala chumba kimoja. Kipindupindu na taifodi huenea kupitia kinyesi, kwa hiyo kunawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika kunawalinda wenyeji wenu.

Yanayobaki mikononi mwa mtaa

Mzazi peke yake hawezi kuzuia mto usifurike. Mitaro iliyozibwa na taka, vyoo vinavyotapishwa usiku wa mvua na jalala linalolisha panya ni mambo ya kikao cha mtaa na ya halmashauri. Yakiletwa kwenye kikao, yaletwe kama suala la uhai wa watoto, maana uchafu uliofunguliwa nyumba ya juu ndio unaomfikia mtoto wa nyumba ya chini akiwa na mchubuko mguuni.

Wakati hayo yakisubiri, lipo moja ambalo halihitaji bajeti. Msimu wa mvua ukianza, chukua kadi za kliniki za watoto wako, angalia kama chanjo zimekamilika, na kalamu iwe karibu. Siku mtoto atakapovuka maji, andika tarehe. Homa ikija ndani ya mwezi huo, hilo ndilo liwe neno lako la kwanza kwa daktari.